Mji Kwenye Karatasi: Picha za Wino na Maneno Yake

(Maneno haya yalisemwa na mwalimu wa kikundi chetu cha uchoraji siku ya kufungua maonyesho ya picha, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Kipaza sauti kilizimika katikati, na waliokaa nyuma hawakusikia yote. Kwa hiyo Kamati imeona vema kuyachapa hapa, ili kila mmoja ayasome kwa nafasi yake.)



Mimi si msemaji. Kazi yangu kule Goma ilikuwa kuchora vibao vya maduka: kinyozi, fundi wa saa, duka la dawa. Mchora vibao huzoea maneno machache, kwa maana mwenye duka hulipa kwa herufi. Nitajitahidi kuwa mfupi.

Mmeona ukutani karatasi zilizobandikwa kwa mstari. Kila karatasi ina sehemu mbili. Juu kuna picha iliyochorwa kwa wino mweusi, na chini yake kuna maneno machache ya mkono. Zote ni picha za miji: Goma, Bukavu, Uvira, Bujumbura. Wengine wameniuliza tangu asubuhi: Mwalimu, kwa nini miji, na kwa nini wino, na kwa nini maneno? Picha si inajieleza yenyewe? Nitajibu maswali hayo, halafu nitaeleza jambo moja lililotusumbua sana katika kikundi, ambalo nadhani linatuhusu sote hapa kambini.

KWA NINI WINO

Kwanza ni kwa sababu ya umaskini, tusifichane. Rangi ni ghali na zinaisha. Kalamu ya biki hupatikana dukani, na karatasi tulipewa na shule. Mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, alitufundisha kutengeneza wino kwa masizi ya chungu na utomvu wa mti, na kuchonga kalamu ya tete, kama walivyofanya walimu wake. Picha tatu ukutani zimechorwa kwa kalamu hiyo ya tete. Mtazitambua kwa mistari yake, minene ikishuka na myembamba ikipanda.

Lakini kuna sababu nyingine. Wino hauna kifutio. Ukichora kwa penseli unaweza kusema, hapa palikuwa na mlango, hapana, palikuwa na dirisha, ukafuta na kufuta mpaka mtaa ukawa kama unavyoutaka wewe. Ukishika wino, lazima ukae kwanza ufikirie: mlango ulikuwa upande gani? Jua la asubuhi liliingia wapi? Nimeona watu wazima wakikaa nusu saa mbele ya karatasi tupu, wamefumba macho, wanatembea mtaani mwao kichwani kabla ya kugusa karatasi. Na penye kivuli hatuna rangi ya kupaka. Tunapiga mistari mingi midogo inayokatizana, na kazi hiyo hukulazimisha kukaa na kila ukuta kwa muda.

KWA NINI MANENO

Jambo hili si geni. Mwaka 1836 kule Uingereza kijana mmoja mwandishi wa magazeti, Charles Dickens, alitoa kitabu chake cha kwanza kiitwacho Sketches by Boz. Kilikuwa na habari fupi fupi za mitaa ya London: maduka ya nguo za mitumba, duka la kuweka rehani, gereza, magari ya farasi. Picha zake zilichorwa na George Cruikshank, naye alizichonga kwenye bamba la chuma ili zichapwe kwa wino. Dickens alipokuwa na miaka 12, baba yake alifungwa kwa ajili ya madeni, na yeye mtoto akapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu. Katika habari zile hakujiandika yeye. Aliandika watu wanaoingia duka la rehani na vitu vyao mkononi. Lakini aliyewahi kubeba kitu cha nyumbani kwenda kukiweka rehani anajua kwamba mwandishi huyu hakusimuliwa tu.

Na tusiseme kwamba haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Lubumbashi, katika miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yetu. Alimweleza mtaalamu Johannes Fabian picha hizo, moja baada ya nyingine, naye akarekodi maelezo kwenye kanda. Maelezo hayo yalikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha Lubumbashi, kile ambacho wengine hukicheka. Mwaka 1996 picha na maelezo vilitoka pamoja katika kitabu. Tshibumba alitumia rangi, sisi tunatumia wino, lakini somo ni lile lile: picha ilikuwa nusu ya kazi, na nusu ya pili ilikuwa mdomoni mwake.

Siku hizi pia kuna watu katika nchi nyingi wanaojiita Urban Sketchers. Kundi lao lilianzishwa mwaka 2007 na mwandishi wa habari Gabriel Campanario, aliyekuwa akiishi Seattle huko Marekani. Sharti lao ni kuchora ukiwa pale pale, unaona kwa macho yako, si kwa kukumbuka. Nilipowaambia vijana wetu sharti hilo, walicheka kwa uchungu. Sisi tungekwenda kukaa wapi tuchore? Wao mji uko mbele ya macho, sisi mji uko nyuma ya kisogo. Kwa hiyo tulilazimika kujiwekea masharti yetu wenyewe. Ni matano:

La kwanza: picha moja, mahali pamoja, saa moja. Usichore Bukavu nzima. Chora ngazi za soko la Kadutu saa kumi na mbili asubuhi.

La pili: maneno yasirudie picha. Kama umechora mwanamke na beseni la sambaza, usiandike "huyu ni mwanamke na beseni la sambaza". Tunaona. Andika kisichochoreka: bei ya kopo moja, harufu, kelele, alivyokuwa akiita wateja, mwaka.

La tatu: maneno yasizidi mistari minane.

La nne: usiandike jina la mtu aliye hai, wala usichore uso unaoweza kutambulikana, wala njia ambazo watu walipita kukimbia. Hatujui karatasi itafika mikononi mwa nani.

La tano: kabla haijabandikwa, isomwe mbele ya mtu mwingine wa mji huo huo.

Sharti hili la tano ndilo lililoleta matata. Nitafika huko.

Lakini kwanza nitoe mfano wa faida yake. Mama mmoja wa Buyenzi alichora kibanda chake katika soko kuu la Bujumbura, vitenge vimening'inia mpaka juu. Mlio na umri mnajua kwamba soko lile liliungua tarehe 27 Januari 2013. Alipoandika maneno mara ya kwanza aliandika kuhusu moto. Tukamwambia, mama, moto hauko kwenye picha yako, na kila mtu anaujua moto. Wewe unajua nini ambacho sisi hatukijui? Akafikiri, akaandika upya. Aliandika kwamba saa sita mchana, wateja wakipungua, wenye vibanda wa mstari wake walikuwa wakila sahani moja, na aliyeuza zaidi siku hiyo ndiye aliyenunua ndizi za siku ya pili. Basi. Hakutaja moto hata kidogo. Mama mwingine wa Bujumbura aliposoma alikaa chini na kulia, kwa sababu aliliona soko likiwa hai.

KISA CHANGU MWENYEWE

Sasa nitasema kosa langu, kwa maana mwalimu asiyesema kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi.

Picha ya saba kutoka mlangoni ni yangu. Inaonyesha mtaa wangu Goma, Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, siku mlima Nyiragongo ulipopasuka na volkano ikaingia mjini. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wakavuka mpaka kuingia Gisenyi. Moto ule wa mawe ulipita katikati ya mji mpaka ziwani.

Mimi nilikuwa na chukudu. Kwa wale wageni ambao hawaijui, chukudu ni chombo chetu cha mbao, chenye magurudumu mawili yaliyovikwa mpira, unapakia mizigo na kusukuma, na penye mteremko unapiga goti juu yake inateremka. Nilichora chukudu yangu imepakiwa, mimi nasukuma, moshi nyuma. Nilikaa jioni tatu kuimaliza. Chini niliandika maneno ambayo sote tunapenda kuyasema: kwamba siku ile majirani tulisaidiana, hakuna aliyemwacha mwenzake.

Binti yangu alizaliwa hapa Uganda, Goma haijui. Aliitazama picha kwa muda, akasoma maneno, akaniuliza: "Papa, kama mlisaidiana, mbona kwenye chukudu kuna mikebe yako tu?"

Ndugu zangu, nilinyamaza. Mkono wangu ulikuwa umechora kweli, na maneno yangu yamesema uongo. Kwenye chukudu ile palikuwa na mikebe ya rangi na vibao vya watu vilivyokuwa havijalipwa. Jirani yangu, mama mjane aliyeshona nguo, alisimama mlangoni na kuniomba nimpakilie cherehani yake. Nilimwambia hakuna nafasi. Nafasi ilikuwapo. Ningeweza kushusha vibao viwili. Yeye alipona, alitembea kwa miguu pamoja na wanawe. Tuliporudi baada ya siku chache, nyumba zetu zote mbili zilikuwa chini ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, bado yanatoa joto. Mimi nilikuwa na rangi, nikaanza kazi wiki ile ile, kwa maana kila mwenye duka alihitaji kibao kipya. Yeye hakuwa na cherehani. Alianza kuuza makala kwa kopo. Alinisalimia kila siku kama kawaida, wala hakulitaja jambo lile mpaka nilipoondoka Goma mwaka 2012.

Nilitaka kuichana picha. Badala yake nilifuta maneno, yaani nilibandika karatasi nyingine juu yake, na mnaweza kuona alama ya gundi. Sasa imeandikwa hivi: "Hapa kuna mikebe kumi na minne ya rangi. Cherehani ya jirani haimo. Aliniomba." Nimewaeleza kwa sababu hii ndiyo faida kubwa ninayoiona katika kuweka picha na maneno pamoja. Kimoja humchunga mwenzake. Mdomo ukidanganya, mkono hushuhudia, na mkono ukipamba, maneno huuliza.

PICHA MBILI ZA MAHALI PAMOJA

Nimesema sharti la tano lilileta matata. Tazameni ukuta wa kulia. Kuna picha mbili zilizobandikwa zikigusana. Zote ni mzunguko mmoja wa barabara mjini Bukavu, na mti ule ule. Zimechorwa na watu wawili wasio wa kabila moja, ambao kabla ya kikundi hawakuwa wakisalimiana kisimani.

Wa kwanza aliandika kwamba chini ya mti ule ndipo walipokuwa wakicheza mpira wa makaratasi baada ya shule, na kwamba muuza mandazi aliwapa deni mpaka Jumamosi. Wa pili aliandika kwamba chini ya mti ule ndipo kaka yake alipopigwa siku watu walipokuwa wakitafutwa kwa jinsi wanavyoonekana, na kwamba kiatu chake kimoja kilibaki pale siku mbili, hakuna aliyekiokota.

Tulipozisoma pamoja, mambo yalichacha. Wa kwanza alisema: mwenzangu anachafua mji wangu. Wa pili alisema: mwenzangu anaficha damu kwa mandazi. Vijana wakagawanyika. Baadhi ya wazee waliniomba nitoe picha ya pili, kwa ajili ya amani ya kambi. Wengine wakasema nitoe zote mbili. Niliwaelewa. Tunaishi nyumba kwa nyumba hapa, bomba moja, foleni moja, na neno dogo huwasha moto.

Sikutoa hata moja. Nilifanya hivi. Nilimwomba kila mmoja asome kwa sauti maneno ya mwenzake, si yake. Halafu nikauliza swali moja la mchoraji: mti ule ulikuwa na matawi mangapi upande wa barabara? Wakabishana. Mmoja alisema tawi la chini lilikatwa, mwingine akasema halikukatwa, lilivunjika kwa lori. Walibishana kuhusu tawi kwa muda mrefu, na katika kubishana ikajulikana kwamba waliuona mti ule katika miaka ile ile, na kwamba muuza mandazi alikuwa mmoja. Wa pili naye aliwahi kula mandazi yake kwa deni. Na wa kwanza alikumbuka kiatu. Alisema polepole: "Nilikiona. Nilidhani ni cha mlevi."

Sisemi kwamba sasa ni marafiki. Ningesema hivyo ningerudia kosa langu la chukudu. Lakini wanasalimiana, na kila mmoja alikubali picha yake ibandikwe kwa sharti kwamba ya mwenzake iwe kando yake. Ndiyo sababu zinagusana. Naomba mtu asizitenganishe.

KWA WAFANYAKAZI WA MASHIRIKA

Ninyi wageni wetu, nawaomba mambo mawili kwa heshima.

Wengine wenu mmeuliza, mbona picha za vita ni chache? Jibu ni kwamba kuhusu vita tumekwisha kuulizwa mara nyingi, tukiwa tumekaa kwenye benchi, na mtu anaandika kwenye fomu. Hakuna fomu iliyowahi kuuliza bei ya sambaza Kadutu, wala wimbo wa boti la kwenda Idjwi, wala mtoto alijifunzaje kupanda chukudu. Mtu aliyeulizwa vita tu kwa miaka kumi huanza kujiona kwamba hakuwahi kuwa na kitu kingine. Hapa tumejiuliza wenyewe maswali yetu.

La pili: msipige picha mchoro na kuacha maneno yake. Kijana wetu mmoja alichora chukudu iliyojaa viti hadi juu. Mgeni mmoja akaipiga picha. Baadaye tuliiona imechapwa kwenye karatasi ya mahali fulani, na chini yake pameandikwa habari za mzigo mzito wa umaskini. Lakini kijana aliandika kwamba vile vilikuwa viti vya harusi ya dada yake, na kwamba aliteremka navyo kilima chote akiimba. Siku ya furaha yake kubwa iligeuzwa kuwa msiba. Aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya, nadhani. Lakini picha bila maneno ya mwenyewe ni yatima, kila apitaye humpa jina.

KWA WAZEE NA VIJANA

Ninamalizia. Miji yetu haikai ikitungoja. Goma ya kabla ya mwaka 2002 iko chini ya makoro, na juu yake watu wamejenga mji mwingine. Mei 2021 mlima uliamka tena. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mapigano yaliingia Goma na kisha Bukavu, na ndugu zetu wapya wakatufikia hapa na simulizi mpya. Siku tutakayorudi, kama Mungu akitujalia, tutakuta mitaa ambayo hatuijui. Na watoto waliozaliwa hapa hawana cha kurudia, ila tulichowapa sisi. Tukiwapa pepo, wataona tumewadanganya siku ya kwanza watakapofika. Tukiwapa damu tu, hawatataka kufika, au watafika na visu. Tuwape mji kama ulivyokuwa, mandazi na kiatu, chini ya mti mmoja.

Wapo wazee wanaosema hawajui kuchora. Tumepata njia. Mzee anasema, kijana anachora, mzee anasahihisha: "Hapana, ngazi zilikuwa upande huu." Karatasi ikiharibika tunaanza nyingine. Mzee mmoja wa Uvira aliharibu karatasi tano za kijana kwa ajili ya bandari ya Kalundu, na ya sita ndiyo mnayoiona pale karibu na dirisha. Asiyejua kuandika atasema maneno yake, nasi tutayaandika kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha.

Tunakutana kila Jumamosi alasiri katika darasa la mwisho la shule ya msingi. Kalamu zipo, karatasi zipo kidogo. Njooni na mtaa mmoja, saa moja, na jambo moja mnalolijua ninyi peke yenu.

Na kama yupo mtu hapa anayemfahamu mama mshonaji aliyekuwa jirani yangu, yule aliyeuza makala baada ya volkano, simtaji jina mbele ya watu. Aje anione baadaye. Nina jambo la kumwambia mama huyo, na picha yake nimemwekea.